Zabibu ya Steen na Divai Nyeupe ya Afrika Kusini

Mzabibu uitwao Chenin Blanc asili yake ni Ufaransa, katika bonde la mto Loire. Lakini nchi iliyoupanda kwa wingi kuliko nchi zote za dunia leo ni Afrika Kusini. Huko ulikaa vizazi vingi ukiitwa Steen, na walioulima wakaudhani kuwa ni mwenyeji wa pale pale. Divai nyeupe itokayo katika zabibu zake hutofautiana kutoka wilaya hata wilaya: hapa ni nyepesi na ya kunywewa mapema, pale ni nzito yenye ladha ya asali, na mahali pengine ni kavu, yenye ladha ikumbushayo jiwe lililolowa mvua. Wenye kazi hiyo wakiulizwa sababu ya tofauti hizi hutaja udongo, hewa na umri wa miti. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika historia: nani alilima, nani alipanga bei, na ni kitu gani kilichopimwa siku ya malipo. Makala haya yakusudia kuziweka nusu hizo mbili pamoja.

Wako miongoni mwa wasomaji wetu wengi ambao dini yao imewaharimishia kileo. Hawa hawaalikwi hapa kuonja kitu. Lakini mmea wa biashara hustahili kuandikiwa historia, uwe karafuu, pamba, miwa au mzabibu, maana jasho lililoutunza ni jasho la wanadamu. Na baadhi ya wanadamu hao, kama tutakavyoona, walichukuliwa kutoka pwani yetu wenyewe.

Kwanza na tuutazame mmea wenyewe. Mzabibu huu una tabia tatu zilizoongoza maisha yake yote. Ya kwanza ni uchachu. Zabibu nyingi zikipigwa na jua kali huongeza utamu na kupoteza uchachu, na divai yake huwa pooza. Lakini hii hushika uchachu wake hata katika nchi ya joto. Ya pili ni uzazi. Ukipandwa katika udongo mnono na kumwagiliwa maji, mzabibu huu huzaa vichala vingi mno, na kadiri vichala vinavyozidi ndivyo ladha inavyopungua. Ya tatu ni kwamba zabibu yenyewe haina harufu kali ya kujitambulisha, hivyo hupokea kwa urahisi alama ya udongo ulioilea na ya mkono ulioitengeneza. Tabia hizi zaonekana huko huko Loire. Savennières hutoa divai kavu na kali. Vouvray hutoa kavu, tamu, na ile ya kutoa mapovu. Coteaux du Layon hungoja mpaka ukungu uzinyaushe zabibu mtini, ndipo watu wazichume na kupata divai tamu kama asali. Basi aliyeuhamisha mzabibu huu hakuhamisha divai moja, alihamisha uwezekano wa divai nyingi. Ipi kati ya hizo itokee ni jambo lililoamuliwa na watu.

Jan van Riebeeck alitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Kazi aliyopewa ilikuwa kuweka kituo cha kuzipatia merikebu maji, nyama na mboga katika safari ya kwenda Asia. Mizabibu ya kwanza ilipandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 aliandika katika kitabu chake cha siku akimshukuru Mungu kwamba siku hiyo divai ilikamuliwa kwa mara ya kwanza kutoka zabibu za Rasi. Gavana Simon van der Stel alianzisha mji wa Stellenbosch mwaka 1679, na mwaka 1685 akapewa shamba la Constantia, ambalo divai yake tamu ya zabibu za maskati ilikuja kusifiwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Napoleon aliinywa akiwa mfungwa katika kisiwa cha Saint Helena. Mwaka 1688 wakaja Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini, wakapewa ardhi pande za Franschhoek na Paarl.

Vitabu vingi vya sifa za divai husimulia habari hizo za magavana na wakimbizi, kisha huruka. Tusiruke. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wakhoikhoi, na hawakuiacha kwa hiari. Na mikono iliyochimba mitaro, kupogoa matawi, kuchuma na kukanyaga zabibu aghalabu ilikuwa mikono ya watumwa. Shehena mbili kubwa za kwanza za watumwa zilifika Rasi mwaka 1658. Tangu mwanzo wa koloni hata mwaka 1808, biashara hiyo ilipopigwa marufuku na Waingereza, wataalamu wa historia wakadiria kwamba watu kiasi cha 63,000 waliletwa Rasi kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na bara la Afrika, hasa pwani yake ya mashariki. Kati ya miaka 1776 na 1778 merikebu za Kampuni zilifika hata Unguja kutafuta watumwa, na taarifa za safari hizo zimehifadhiwa. Hata baada ya 1808 mambo hayakukatika mara moja. Watu waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza, wengi wao wakiwa watu wa Msumbiji, walishushwa Rasi wakafungwa kwa mikataba ya kazi iliyoweza kufika miaka 14. Wakati huo huo, tangu 1813, Uingereza ilipunguza ushuru wa divai ya Rasi, na mashamba ya mizabibu yakaongezeka upesi. Hivyo neema kubwa ya kwanza ya divai ya Afrika Kusini ilijengwa juu ya mgongo wa utumwa. Utumwa ulifutwa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, lakini watu walishikwa katika kazi ya lazima iliyoitwa uanagenzi hadi 1 Desemba 1838.

Yafaa kuuliza: je, katika neema hiyo Steen ilikuwa na cheo gani? Cheo chake kilikuwa kidogo. Mwaka 1822 zaidi ya mizabibu tisa katika kila kumi ilikuwa ya Sémillon, iliyoitwa na wakulima zabibu ya kijani. Steen haikupata ufalme wake kwa kuwa ya kwanza, wala kwa kuwa bora machoni pa watu wa zamani. Iliupata baadaye, na kwa sababu ambazo twaweza kuzitaja moja moja. Mwaka 1861 Uingereza iliondoa nafuu ya ushuru, na divai ya Ufaransa ikaifukuza ya Rasi katika soko la London. Mwaka 1886 mdudu filoksera, anayekula mizizi ya mizabibu, alionekana katika mashamba ya Rasi, na ikawalazimu wakulima kung'oa na kupanda upya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomvumilia mdudu huyo. Wapandapo upya watu huchagua kinacholipa. Na kilicholipa kilikuwa wingi.

Wingi nao ulizaa balaa yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 divai ilizidi wanunuzi, bei ikaanguka, na wakulima wengine wakaimwaga. Mwaka 1918, chini ya uongozi wa Charles Kohler, walianzisha chama kikuu cha ushirika kilichoitwa KWV, makao yake Paarl. Sheria za mwaka 1924 na 1940 zilikipa chama hicho mamlaka ya kupanga bei na kununua ziada, na ziada hiyo ikapelekwa kwenye mitambo ya kukeneka brandi. Mwaka 1957 kiliwekwa kiwango cha mavuno kwa kila shamba, na ardhi isiyopewa kiwango haikuweza kupandwa mizabibu ya divai. Kwa mkulima mwenye madeni mpango huu ulikuwa ngao. Kwa zabibu ulikuwa kitu kingine. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa Rasi hakuhitaji sifa; alilipwa kwa wingi wa ujazo, na maji akayatia mapema, tangu katika mifereji ya shamba. Steen, yenye kuzaa sana na kushika uchachu unaofaa kwa brandi, ndiyo iliyofaa mpango huo kuliko zote. Ikapandwa kila mahali, hata ikapita aina nyingine zote nchini. Kwa njia hii zabibu yenye uwezo wa mambo mengi ilitawazwa kwa sababu ya uwezo wake mmoja ulio duni.

Sayansi ilikuja kuibadili hali hiyo kidogo. Katika nchi ya joto, maji ya zabibu yanapochachuka hupata moto mno, na harufu nzuri hupotea. Katika miaka ya 1950 watengenezaji wa Paarl na Tulbagh walianza kuipoza divai nyeupe wakati wa kuchachuka kwa mitambo iliyotoka Ujerumani. Steen, iliyokuwa pooza, ikatoka safi na yenye harufu ya matunda. Mwaka 1959 kampuni ya Stellenbosch Farmers' Winery ilitoa divai yenye utamu kidogo iliyoitwa Lieberstein, iliyochanganywa kwa Steen na Clairette Blanche. Mauzo yake yalitoka lita 30,000 mwaka huo hadi lita milioni 31 mwaka 1964, hata ikasemwa kuwa hakuna divai ya chupa iliyouzwa kuliko hiyo duniani. Karibu na wakati huo, katikati ya miaka ya 1960, Profesa C. J. Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alilinganisha majani ya Steen na ya Chenin Blanc, akathibitisha kwamba ni mmea mmoja. Mwenyeji akaonekana kuwa mgeni wa siku nyingi. Watu wachache wakaanza kujaribu yale yaliyojulikana Loire: mwaka 1969 shamba la Nederburg, chini ya Günter Brözel, lilitoa Edelkeur, divai tamu ya zabibu zilizonyaushwa na ukungu, na mwaka 1971 Frans Malan wa Simonsig alitoa kwa Chenin divai ya kwanza ya Rasi iliyotengenezwa ndani ya chupa kwa namna ya Champagne. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kutaja asili, ambayo kwayo jina la wilaya haliandikwi juu ya chupa ila divai imetoka humo kweli. Lakini bei iliyolipwa shambani iliendelea kufuata wingi, na majaribio hayo yakabaki visiwa katika bahari ya divai ya kawaida.

Viwango vya mavuno vilifutwa mwaka 1992, na baada ya uchaguzi wa 1994 masoko ya nje yaliyokuwa yamesusia bidhaa za nchi hiyo yakafunguka. Mtu angedhani kwamba Steen ingenufaika. Ilitokea kinyume. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani walitaka majina waliyoyazoea, na divai nyekundu zaidi; hivyo wakulima wakang'oa Chenin wakapanda Cabernet Sauvignon, Shiraz na Sauvignon Blanc. Zabibu iliyokuwa imeshika karibu theluthi ya mashamba yote mwanzoni mwa miaka ya 1990 leo imeshika kiasi cha asilimia 18. Iliyosalia aghalabu ilisalia kwa sababu mkulima hakuwa na fedha za kung'oa, au kwa sababu shamba lilikuwa mbali, kavu na juu ya vilima ambako hakuna jingine lingeota. Ufukara ndio uliolinda miti mizee. Na miti hiyo ndiyo iliyokuja kuipatia nchi heshima.

Sasa tunaweza kuzitazama wilaya na kuzielewa. Katika Stellenbosch vilima vya Helderberg na Bottelary hupata upepo wa bahari, na udongo wake mwingi ni graniti iliyooza. Mashamba ni ya thamani kubwa na wenye nayo wana mitaji. Kwa hiyo hapa ndipo Chenin ilipoanza kuchachushwa katika mapipa ya mwaloni na kuuzwa kwa bei ya divai za heshima. Ken Forrester alitoa ya kwanza ya namna hiyo iliyojulikana sana, FMC, kwa mavuno ya mwaka 2000. Mtindo wa Stellenbosch ni mnono: ladha ya pichi lililoiva, asali, na alama ya mbao.

Swartland, kaskazini ya Cape Town, ni nchi ya ngano. Mizabibu yake mingi haina maji ya mfereji wala nyaya za kuegemea. Kila mmoja umesimama peke yake kama kichaka, ukizaa vichala vichache. Juu ya graniti ya mlima Paardeberg divai huwa nyembamba na yenye uchachu mkali. Juu ya mawe ya tabaka ya pande za Riebeek na Malmesbury huwa nzito zaidi. Eben Sadie na wenzake waliofika huko mwanzoni mwa karne hii walikuta zabibu hizi zikimwagwa katika matangi ya ushirika pamoja na nyingine zote. Wakazinunua kwa bei kubwa zaidi, wakaziachia zichachuke zenyewe katika mapipa makuukuu, na mara nyingi wakazichanganya na zabibu nyeupe nyingine za shamba. Divai yao haikimbilii tunda. Yatafuta chumvi na jiwe. Mbali zaidi kaskazini, katika milima iliyo juu ya mji wa Citrusdal, pako Skurfberg penye mchanga mwekundu, na miti mizee ya huko hutoa divai yenye nguvu na uchachu kwa pamoja.

Bonde la mto Breede, yaani Worcester, Breedekloof na Robertson, lina maji, udongo mnono na vyama vikubwa vya ushirika. Hapa Steen yaendelea na kazi yake ya kale: divai nyepesi ya bei nafuu, yenye ladha ya tufaha na pera, na divai ya kukenekwa brandi. Msomi asiidharau kazi hiyo. Ndiyo ilishayo watu wengi zaidi, na siku hizi wako humo pia watengenezaji wanaochagua mashamba bora na kuyatia katika chupa peke yake. Huko mto Orange, karibu na jangwa, joto ni kali na mavuno ni makubwa kwa nguvu ya maji ya mto. Ukiziweka wilaya hizi kwa safu utaona kwamba ramani ya ladha yafanana na ramani ya maji. Na ramani ya maji yafanana na ramani ya mitaji na bei.

Yabaki neno zito kuliko yote. Tangu siku za utumwa wenye mashamba walizoea kuwapa watumishi divai mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi, nayo ikahesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Desturi hiyo huitwa dop. Hadi mwaka 1962 sheria ya nchi iliwakataza Waafrika kununua divai na pombe za Wazungu. Nao watumishi wa mashamba ya magharibi, ambao wengi wao serikali iliwaita watu wa rangi, walilipwa divai hiyo hiyo iliyokosa soko. Pombe iliyotolewa namna hii ilimfunga mtumishi shambani kwa kamba asiyoiona. Sheria ya vileo ya mwaka 2003 ilipiga marufuku waziwazi kumpa mfanyakazi kileo badala ya mshahara. Hata hivyo madhara hayakuisha na sheria: utafiti umeonyesha kwamba idadi ya watoto wanaozaliwa na kasoro zitokanazo na ulevi wa mama katika mkoa wa Western Cape ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kupimwa duniani. Na mnamo Novemba 2012 wafanyakazi wa De Doorns, katika mashamba ya zabibu za kula, waliposimamisha kazi, ujira wa chini uliokuwa ukilipwa kisheria ulikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150, wakapata 105 tangu Machi 2013. Umiliki wa ardhi yenyewe bado kwa sehemu kubwa umo mikononi mwa Wazungu.

Basi divai hii ina deni. Mwaka 2016 palianzishwa mpango wa kuhifadhi mizabibu mizee, uliotokana na kazi ya Rosa Kruger, aliyezunguka nchi akiyaorodhesha mashamba hayo; na tangu 2018 chupa iliyotoka katika miti yenye umri wa miaka 35 au zaidi yaweza kubandikwa muhuri unaotaja mwaka ambao miti hiyo ilipandwa. Faida yake ni dhahiri: mti mzee huzaa kidogo, na mkulima anayelipwa kwa uzani ataung'oa, lakini akilipwa kwa umri wake ataulinda. Kwa mara ya kwanza kipimo cha malipo kimegeuka, na Steen imeitikia. Huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba zabibu haikuwa duni. Duni kilikuwa kipimo.

Jambo hili lafaa kuangaliwa hata na sisi. Chenin Blanc yalimwa pia Dodoma, katikati ya Tanzania, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na wenye mashamba wengi ni wakulima wadogo. Mkulima wa Dodoma hana miti ya karne wala mlima wa graniti unaopepewa na bahari, na hana haja ya kuiga Stellenbosch. Lakini akilipwa kwa kilo peke yake atafanya kile kile alichofanya mkulima wa bonde la Breede, na asilaumiwe kwa hilo.

Tena, muhuri ule wa mizabibu mizee hutaja mwaka wa kupandwa, na mwaka ni kitu kizuri mikononi mwa mwanahistoria. Chupa iliyoandikwa mwaka wa 1965, au mwaka mwingine wa zama hizo, yatuambia kwamba miche ilitiwa ardhini zama za dop, na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Ikiwa kipimo kipya chaweza kuulipa mti kwa miaka yake, si vigumu kuelewa kwamba chaweza pia kumlipa mtu kwa yake. Siku jambo hilo litakapotimia ndipo itakapokuwa haki kusema kwamba zabibu ya Steen imekuwa zabibu ya nchi nzima.